Valizi Tupu za Shangazi Numbi

Mwezi uliopita mtoto wa mdogo wangu alikuja kutoka Kinshasa kwa ndege, alale kwangu siku mbili huku akimaliza mambo ya ofisi yake hapa mjini. Nilimpokea valizi mlangoni, moja ya zile ndogo zenye magurudumu, na nilipoiinua nikaona ni nyepesi kana kwamba haina kitu. Akacheka. "Tantine, kwa siku mbili muntu anabeba nini? Suruali moja, chemise mbili, basi." Nikacheka naye. Lakini nilipokwenda kuiweka chumbani niliifungua nikachungulia ndani, jambo ambalo si tabia yangu, nikabaki nimesimama pale, mkono kwenye zipu, moyo ukinidunda kama wa mwizi. Ninyi wa rika langu mtanielewa, maana mwili nao una kumbukumbu zake. Wengine wanamwogopa mgeni anayekuja na mizigo mingi. Mimi namwogopa anayekuja na mzigo mwepesi. Najiuliza amekuja kujaza nini.

Wakati ule meno yangu ya mbele yalikuwa yameanza kung'oka. Tulikaa kwenye stesheni ndogo ya reli, huko upande wa Bukama, ambako kazi ya baba ilikuwa kugeuza reli ili treni mbili zipishane bila kugongana. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nilidhani kazi ndiyo iliyomfanya hivyo, kwamba anayesikiliza treni mchana kutwa hana nafasi ya kusikiliza kingine. Kaka yake mkubwa, baba mkubwa Ilunga, alikuwa Élisabethville, kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba. Sikuwahi kumwona. Kwangu mimi alikuwa mche wa sabuni uliofika mara kwa mara kwa mkono wa mfanyakazi wa treni, na blanketi moja jekundu lenye mistari. Halafu siku moja mfanyakazi huyo huyo alishuka bila sabuni, akamwambia baba kwamba Ilunga amekufa na ameshazikwa. Mama akalia, majirani wakalia. Baba akaenda kugeuza reli kwa sababu treni ilikuwa inakuja.

Baridi ilipoanza, wakati nyasi zimekauka na asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole, alifika Shangazi Numbi. Yeye alizaliwa katikati ya baba mkubwa na baba, kwa hiyo baba alimheshimu kama mkubwa wake. Alikuwa ameolewa mara mbili, na mara mbili alirudishwa kwao kwa sababu hakuzaa. Watu walimwonea huruma kwa mbali tu, maana ulimi wake ulikuwa mkali. Siku hiyo alikuja amebeba kichwani valizi kubwa ya kartoni ngumu. Alipoishusha ikatoa mlio wa ngoma, kwani ndani yake mlikuwa na valizi ya pili, na ndani ya hiyo ya pili mlikuwa na ya tatu. Zote tupu.

Tungekwenda Élisabethville kwenye kilio cha Ilunga, baba, Shangazi na mimi, na mama ndiye aliyeachiwa kazi ya kufunga mizigo ya safari.

"Weka kidogo tu," Shangazi alimwambia. "Shati moja ya bwana yako, gauni moja ya mutoto. Tunaenda siku mbili, hatuendi kuolewa."

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mkeka, natazama. Mama alifungua ile valizi ndogo kuliko zote akaweka shati la baba, gauni langu la pili, kitenge kimoja cha Shangazi na kipande cha sabuni. Kisha mkono wake ukagusa kitu kilichofungwa kwa karatasi, kimebanwa kwenye kona. Kumbe valizi haikuwa tupu kabisa. Alikifungua. Lilikuwa gauni jipya la mtoto, la maua ya njano, lenye kola nyeupe. Nikainuka kwenye mkeka. Mama akalipima kwa macho, akanitazama mimi, akalipima tena. Lilikuwa dogo mno kwangu. Nikamkasirikia Shangazi kimoyomoyo kwa kusahau jinsi nilivyokua.

"Hii iko ya nani?" mama aliuliza.

"Ya mwenye itamutosha," Shangazi alijibu.

Mama alilirudisha polepole ndani ya karatasi yake. Akasema, bila kuinua macho, "Na ule mujane, munamuachia nini?"

"Mujane gani? Ule muke wa Kasai alimukula Ilunga, yaya yangu mukubwa. Unataka nimuachie na masahani?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia, nami niliona kwamba amesikia. Hakusema kitu, akatoka kwenda kupasua kuni. Mama akamfuata nje, na kupitia dirishani nikamsikia akimwambia, "Numbi ameweka gauni ya mutoto mu valizi. Unajua maana yake. Masahani, nguo, bintu ni bintu, mubebe. Lakini ile ingine usiifanye." Shoka likaendelea kupiga. Mama alirudi ndani na hakumtazama Shangazi tena mpaka tulipoondoka.

Mimi nilibaki na neno moja tu katika hayo yote. Alimukula. Kwetu watu wazima walisema hivyo juu ya kifo chochote ambacho hawakukielewa, lakini hakuna aliyenieleza, na kula nilikujua kwa maana moja. Nilijaribu kupata picha ya mwanamke aliyekula mtu mzima, mfanyakazi wa kiwanda. Nikampa mdomo mpana na meno kama ya reki.

Kwenye treni tulikaa behewa la nyuma, la watu weusi, kwenye mabenchi ya mbao. Moshi wa injini uliingia madirishani ukatutia weusi puani. Shangazi alinimenyea karanga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu akasema nami kwa upole.

"Mu nyumba ya baba yako mukubwa kuko mutoto, anaitwa Meta. Atarudi na sisi. Mutalala mu mukeka moja. Lakini usimuambie mama yake. Unasikia?"

Nikasema nasikia. Nilikuwa na wadogo wa kiume tu, na hamu ya kuwa na dada ilinijaa. Tena nilijua vizuri kwa nini ilikuwa siri. Tulikuwa tunakwenda kumtoa huyo Meta kabla mama yake hajamla na yeye. Nilimtazama Shangazi na valizi zake, nikaona ni mwanamke shujaa.

Ku gare, ile stesheni kubwa ya Élisabethville, polisi mmoja alisoma karatasi ya njia ya baba, ruhusa yake ya kusafiri, akaigeuza, akaisoma tena. Halafu akamwamuru Shangazi afungue valizi. Akafungua ya kwanza akakuta ya pili, akafungua ya pili akakuta ya tatu.

"Munakuya kununua muji muzima?" aliuliza.

"Tunakuya ku kilio," Shangazi alisema.

"Ku kilio na valizi tupu." Akazisukuma kwa kiatu zikarudi kwetu. "Basi nimeelewa. Pita."

Mji ulinuka. Moshi wa kiwanda ulikuwa na ladha ya msumari, ile unayoipata ukiutia mdomoni, na ulikaa kwenye ulimi hata ukifumba mdomo. Tulipita pembeni mwa barabara pana za wazungu zenye miti iliyopandwa mistari. Mbwa alitubwekea kutoka bustani moja mpaka mwisho wa ua, na bibi wa kizungu aliyekuwa amekaa barazani alimtazama tu. Baba alinishika bega nitembee haraka. Huko mbele bomba refu la kiwanda lilisimama juu ya kila kitu, na chini yake mlima mweusi, wa masalio ya shaba, ambao mvua zote za dunia zisingeotesha jani juu yake.

Nyumba ya baba mkubwa ilikuwa ya matofali mekundu katika safu ya nyumba zilizofanana hata madirisha. Nilishangaa watu wanajuaje kwao. Ngalula, mjane, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, kitambaa cheusi kimefungwa kifuani. Nilimtazama mdomo. Ulikuwa mdogo. Meno yake yalikuwa madogo pia, yenye mwanya katikati. Nikajiambia kwamba basi alimla polepole.

Hakusimama kutupokea, kwa sababu mjane hasimami. Alisema tu, "Mumefika," na baba akajibu, "Tumefika, shemeji." Shangazi aliziacha valizi katikati ya chumba, wazi, vifuniko vimeinuka kama midomo, akaanza kutazama kuta.

Jioni ile Ngalula alituletea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Shangazi alisukuma sahani. Alikuwa ameazima chungu na mbabula, jiko la makaa, kwa jirani, akajipikia chakula chake uani, akinisimamisha karibu naye. "Ukitaka kumufuata baba yako mukubwa, kula kwake," aliniambia kwa sauti ambayo mwenye nyumba aliisikia vizuri. Baba peke yake alikaa mbele ya sahani ya mjane. Akanawa mikono, akala kimya mpaka akamaliza. Nilimwogopea usiku kucha.

Asubuhi Shangazi alianza kazi. Alitoa suti ya baba mkubwa kwenye msumari, viatu vyake, kofia yake, mashati. Akatoa masahani ya enameli, taa, sufuria, mashuka. Akapanda kwenye kiti akafungua rido, pazia la dirishani, akalitoa, na mwanga mkali wa baridi ukaingia ukamwangukia Ngalula usoni. Hakuugeuza uso. Majirani walisimama milangoni mwao, mikono imekunjwa kifuani. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu kila mmoja wao alijua kwamba kwao pia kuna shangazi.

"Mumesahau pasi," Ngalula alisema kutoka kwenye mkeka. "Iko chini ya kitanda."

Shangazi akasita. Akainama akaitoa.

"Na mukanda wake. Nyuma ya mulango."

Kila Shangazi alipofikiri amemaliza, sauti ile tulivu ilimwonyesha kingine: wembe wa kunyolea, kikombe alichonywea, kinga yake, baiskeli iliyokuwa kwa jirani ikisubiri tairi. Nilitegemea kwamba Shangazi angefurahi, lakini uso wake ulizidi kukazana. Alikuwa amekuja kunyang'anya na alikuwa anapewa. Mwisho akasimama mbele ya masini ya kushona iliyokuwa mezani. Ngalula alishonea nayo wanawake wa kambi nzima, vidole vyake vilikuwa na alama za sindano.

"Ile alininunulia mimi, Meta alipozaliwa," alisema.

"Aliinunua na mali ya nani?"

Ngalula alimtazama baba. Baba alikuwa anafunga kamba kwenye valizi kubwa. Aliendelea kufunga kamba.

"Beba," Ngalula akasema.

Meta alikuwa mdogo kwangu, labda miaka mitano, mwenye masikio makubwa na kikohozi kisichoisha. Shangazi alikuwa amemvalisha lile gauni la njano asubuhi ile, juu ya gauni lake kuukuu la bluu kwa ajili ya baridi, akamfunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, taratibu sana. Alimgeuza huku na huku. Sikuwa nimeona uso wake ukiwa vile. Nilielewa kwa nini gauni halikunitosha, nikameza hasira yangu, maana mtoto anayekaribia kuliwa anastahili kitu kizuri.

Akatutuma tukacheze. Meta alinipeleka kwenye bomba la maji mwisho wa safu, mahali ambapo mlima mweusi ulionekana wote. Tulichora kwenye tope. Nilijitahidi kunyamaza, nikashindwa. Sikuona maana ya kumwachia aogope peke yake wakati msaada umeshafika.

"Leo tunakutoa hapa," nilimwambia. "Tunaenda na wewe mu treni. Utakaa kwetu. Mama yako hatakukula kama alivyomukula baba yako."

Meta alinitazama. Halafu uso wake ukakunjamana, akaanza kukimbia kuelekea nyumbani akilia kwa sauti kubwa, gauni la njano likimpiga magotini. Sikuelewa. Nilimfuata taratibu nikidhani amekwenda kuchukua vitu vyake.

Shangazi na baba walikuwa uani kwa jirani wakiifunga kinga tairi. Ngalula alikuwa amemkumbatia Meta pale mkekani. Aliponiona mlangoni akaniita, nami nikaingia hatua chache, nikabaki umbali ambao nilidhani mkono wake haufiki.

"Njo sababu haukuli chakula yangu?" aliuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nani alisema nilimukula?"

"Shangazi."

"Na mama yako alisema nini?"

Nikafikiri. "Alisema mubebe bintu, lakini ile ingine musifanye."

"Na baba yako?"

"Alinyamaza."

"Alinyamaza," alirudia, kama mtu anayeweka kitu mahali pake. Hakunifokea. Alimfuta Meta kamasi kwa pindo la kitambaa chake cheusi, akaninyooshea kiazi kitamu kilichokuwa kando ya makaa. Sikukipokea. Akakila mwenyewe, mbele yangu, huku ananiangalia, mpaka akakimaliza. Kisha akasema, "Baba yako mukubwa alikohoa mwaka muzima. Alikohoa damu. Nilimuosha mimi. Ukikua utakumbuka kwamba nilikuambia."

Nilitoka nje. Nilikuwa na hakika amenidanganya.

Wakati wa kwenda ku gare ulipofika, Ngalula alisimama. Jirani mmoja alishtuka, maana siku za mkeka zilikuwa hazijaisha. Yeye hakujali. Alikunja ngata ya kitambaa, akaiweka juu ya kichwa chake kilichonyolewa, akainua ile masini mwenyewe akaibeba. Shangazi alisema hakuna haja, atakodi muntu wa kubeba. "Nitawasindikiza," Ngalula alijibu. Baba alisukuma kinga iliyojaa, valizi kubwa imefungwa nyuma. Shangazi alikuwa na hizo mbili nyingine, zote zimevimba, kamba zimezibana katikati. Mikono yake ilijaa.

"Shika Meta mukono," aliniambia. "Usimuachilie mpaka mu treni."

Nikamshika. Meta hakulia tena. Alitembea akigeuka nyuma kila mara kumtazama mama yake, na mama yake alikuja nyuma yetu, shingo imenyooka chini ya chuma kile. Mbwa wa jana alitubwekea tena mpaka mwisho wa ua.

Ku gare kulikuwa na watu wengi. Baba alipakia kinga kwenye behewa la mizigo, akapitisha valizi dirishani, moja baada ya nyingine, halafu Ngalula akamkabidhi masini naye akaiingiza. Shangazi alishika kitasa cha mlango, akatuambia sisi watoto tupande. Hapo Ngalula akaja akachuchumaa mbele ya Meta. Alifungua vifungo vya gauni la njano. Alivifungua taratibu, kama vilivyofungwa, akalivuta juu ya kichwa cha mtoto, na Meta akabaki na gauni lake la bluu. Lakini la njano lilikwama kwenye mkono nilioushika, kwa sababu niliambiwa nisiuachilie. Likaning'inia pale, kati yangu na Meta.

"Kila kitu ya Ilunga iko mu treni," Ngalula alisema. Hakupaza sauti. "Suti, masahani, masini, mpaka pasi. Hakuna muntu atasema Ngalula alibakia na kitu ya bantu. Sasa munipe mutoto yangu."

"Mutoto ni damu yetu," Shangazi alisema. "Umupeleke kwenu Kasai, bamulee bantu bengine? Ulikuya kwa yaya yangu na mikono mitupu. Rudia vile vile."

Watu walianza kusogea. Wanawake waliokuwa wanauza mayai ya kuchemsha waliweka mabeseni chini. Ngalula alisimama, akamgeukia baba, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi ya behewa.

"Shemeji. Dada yako alisema nilikula yaya yako, ulikuwa pale, ukanyamaza. Ametoa mpaka rido ku dirisha, ukanyamaza. Leo usinyamaze. Sema mbele ya hawa bantu kama mutoto iko wenu. Ukisema, mi nitaenda zangu."

Kontrola wa kizungu alipita akipigapiga milango kwa kiganja, akifoka kwa Kifaransa, na injini ikapuliza mvuke huko mbele. Nilimtazama baba. Nilitaka aseme. Nilitaka aseme Meta ni wetu, tupande, tuondoke na yule mwanamke abaki peke yake na njaa yake.

Baba alishuka. Alipiga goti moja mbele yangu, akanishika mkono.

"Muachilie."

"Shangazi alisema nisimuachilie."

"Mimi njo baba yako. Muachilie."

Nilikaza. Akafungua vidole vyangu kimoja kimoja, bila kuniumiza, kama anavyofungua fundo la kamba. Gauni likaanguka chini. Ngalula akaliokota, akalikung'uta vumbi, akalitundika kwenye mkono wa Shangazi.

"Na hii pia iko yenu," alisema.

"Panda, Numbi," baba alisema.

Shangazi alimpiga kofi. Mbele ya watu wote, mbele ya polisi na kontrola, mtu mzima mwenye watoto. Mlio wake ulisikika. Baba hakujishika shavu. Alinibeba, akaniingiza ndani, akapanda nyuma yangu. Ngalula alikuwa ameshamweka Meta mgongoni na anamfunga kitambaa. Nilidhani atasema asante. Hata watu waliosimama pale nadhani walilisubiri neno hilo.

"Ungesema tangu ku nyumba," alimwambia baba kupitia dirishani, "ningebakia na masini."

Akaenda zake kabla treni haijaondoka.

Shangazi alipanda mwisho, akakaa mbele yetu, gauni la njano mapajani. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja. Tulipovuka mji ule moshi wa msumari ukaisha, yeye akanyoosha mkono akaniminya nyama ya juu ya mkono mpaka damu ikatoka chini ya kucha zake. "Wewe njo ulimuambia," alisema. Baba aliona, akauondoa mkono wake. Hayo ndiyo yote yaliyopita kati yao njia nzima. Kwenye stesheni ya kwao aliteremka, baba akamshushia kila kitu: kinga, masini, valizi kubwa, ya kati na ndogo. Alisimama katikati ya mali ile kama mtu aliyetupwa, na hakutupungia mkono. Hakukanyaga tena kwetu. Baba alipofariki, hakuja na hakutuma mtu.

Tulifika nyumbani hatuna hata kile kidogo tulichoondoka nacho, kwa sababu shati la baba na gauni langu vilikuwa ndani ya ile valizi ndogo. Mama alitoka akatutazama mikono. Alimtazama baba kwa muda, akaona shavu lake. Akaweka maji ya kuoga motoni.

Nilikua, nikaolewa, uhuru ukaja, nikahamia mji huu huu wa moshi wa msumari na mume wangu. Kifua cha baba mkubwa nilikielewa siku nilipomwona jirani yangu, mfanyakazi wa kiwanda, akikohoa kwenye kitambaa na kukificha mkewe asione. Kwa nini nilipelekwa kwenye safari ile nilielewa polepole zaidi. Nilikuwa chambo. Hata hivyo nilijifariji kwa jambo moja: ulimi wangu ndio uliomwokoa Meta. Kama nisingesema pale kwenye bomba, mama yake angetusindikiza kama mjinga mpaka treni iondoke. Niliamini kwamba mahali fulani katika mji huu yuko mwanamke anayenikumbuka kwa wema.

Nikamkuta sokoni Kamalondo. Alikuwa anauza makayabu, samaki wa chumvi, amekaa nyuma ya meza yenye chumvi, amezeeka. Nilimtambua kwa mwanya. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ni nani, mutoto wa shemeji yake wa ku reli. Hakutazama uso wangu kwanza. Alitazama mikono yangu.

"Mama, Meta iko wapi?" nikauliza.

"Iko. Ana bwana, ana batoto."

"Ningependa kumuona."

Alifukuza nzi kwa kipande cha kartoni. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa chumvi.

"Yeye hakukumbuke," alisema. "Hakumbuke ile gare, hakumbuke ile gauni. Na mimi sitamukumbusha."

Nyuma yangu mwanamke mmoja alikuwa anataka kupita na kikapu chake.

"Unanunua?" Ngalula aliniuliza. "Kama haununue, sogea, bantu bapite."

Nikasogea.